MPIRA, MAJUTO NA MKUTANO
Maneno waliyoambiwa wanachama huko Ganjoni, Mombasa



Jioni hii tumeombwa tuseme juu ya mpira. Pengine wako watakaouliza, chama cha wafanya kazi kina nini na mpira? Twawajibu kwamba kina mengi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu waliweka chini zana zao. Walikuwa watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Hawakuwa na jumba la kukutania. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira ulioitwa Kiembeni, na pale ndipo maneno yao yalipopimwa na kukatwa. Kiongozi wao Chege Kibachia baadaye alikamatwa akapelekwa mbali, lakini jambo walilojifunza watu pale uwanjani halikukamatwa. Walijifunza kwamba neno likisemwa na watu wengi mahali pamoja lina uzito usiofanana na neno la mtu mmoja kwenye kibaraza chake.

Basi mpira na chama ni majirani wa siku nyingi, na hili tutakalolisema leo ni la majirani hao wawili.

Kila jioni hapa Ganjoni, kutoka upande wa Mbaraki mpaka njia ya kwenda feri, watu waliotoka kazini huketi barazani. Mwenye kahawa hupita na dele lake, na kikombe cha kwanza hakijaisha mazungumzo yamekwisha kufika kwenye mpira. Na mpira ukitajwa, hautajwi ushindi. Hutajwa majuto. Ni uamuzi gani uliokuwa mbaya kuliko yote? Ni siku gani timu ilijikata mguu wenyewe? Mmoja husema, ni siku ile tulipomwacha golikipa aende. Wa pili husema la, ni siku ile kocha alipoondoka. Wa tatu, mzee aliyeona mengi, huwaambia nyinyi vijana hamjui kitu, ubaya ulianza kabla nyinyi hamjazaliwa. Mabishano huendelea mpaka adhana ya isha, kisha kila mtu huenda kwake, na kesho huanza tena pale pale.

Hatusemi kwamba mabishano hayo ni upuuzi. Mtu hawezi kujuta kitu asichokipenda. Lakini wazee walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huja nyuma. Sisi twataka kuuliza jambo moja: katika majuto haya yote ya mpira wetu, yako yapi ambayo mtu wa kawaida, mwenye kadi ya chama na shilingi zake chache, angeweza kuyazuia? Tukiyatenga hayo na mengine, tutaona wapi pa kutia nguvu.

KWANZA: MCHEZAJI ALIYEONDOKA

Tuanze na hili kwa kuwa ndilo lenye kelele nyingi. Mwaka 2019 golikipa Farouk Shikhalo alitoka Bandari akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Mambo ya namna hii yakitajwa barazani, wako wanaosema timu imeibiwa, na wako wanaosema mchezaji ametusaliti.

Ndugu zangu, mtu wa chama asiseme hivyo. Mchezaji ni mfanya kazi. Viatu vyake ni zana zake, miguu yake ndiyo mtaji wake, na miaka yake ya kazi ni michache kuliko ya kuli wa gatini. Akivunjika goti leo, kesho hana cha kuuza. Sisi wenyewe tukipata tajiri anayelipa vizuri zaidi tutaaga na kwenda, na hatutaki mtu atuite wasaliti.

Haki hiyo ya kwenda haikuanguka kutoka mbinguni. Uingereza, mpaka Januari 1961, mchezaji hata awe hodari namna gani hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma. Wenye klabu walijaza viwanja kwa maelfu ya watu, na aliyewaleta watu hao alirudi nyumbani kwa basi pamoja nao. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kikasema: tutagoma. Kabla siku ya mgomo haijafika wenye klabu wakakubali kukiondoa kipimo kile, na punde Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa juma. Kisha mwaka 1995 Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, akashinda kesi yake katika mahakama ya Ulaya, na tangu hapo mchezaji wa huko aliyemaliza mkataba wake huenda atakako bila klabu ya zamani kudai fedha. Hizi ni kazi za chama na sheria. Tusizifurahie zinapotokea mbali na kuzilaumu zinapofika Mbaraki.

Kwa hiyo mchezaji akiondoka, swali la kuuliza si kwa nini amekwenda. Maswali ni haya: mkataba wake ulikuwa wa miaka mingapi? Ulikaribia kwisha bila mtu kumwita mezani? Golikipa wa pili alifundishwa? Maswali haya yana majawabu, nayo yamo katika karatasi. Lakini mtu wa barazani hana njia ya kuiona karatasi hiyo. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

PILI: KOCHA

Hili ni fupi. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, kelele huwa moja tu, aondoke. Mwaka 2019 Bandari, chini ya mwalimu Bernard Mwalala, ilikuwa na mwaka mzuri ambao vijana wengi wa mji huu hawajauona mwingine kama huo. Mwezi wa Januari ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Simba 2–1 katika nusu fainali ya kombe la SportPesa, ingawa fainali ikafungwa 1–0 na Kariobangi Sharks. Mwezi wa Juni ikakutana na Sharks hao hao katika fainali ya kombe la Kenya, ikalipa deni kwa 3–1. Katika ligi ikawa ya pili. Na kabla msimu uliofuata haujakwisha, mwalimu yule alikuwa hayuko tena.

Hatusemi nani alikosa. Twasema kwamba kocha naye ni mfanya kazi, na katika mpira wetu ndiye mfanya kazi anayefutwa kwa makelele. Mtu anayepiga kelele Jumapili ili mwalimu afukuzwe, Jumatatu huja afisini kwa chama kulalamika kwamba msimamizi amemfukuza kibarua bila kumsikiliza. Yafaa tupime kwa kipimo kimoja.

TATU: NANI MWENYE TIMU

Sasa tumsikilize yule mzee wa barazani, kwa maana ndiye aliye karibu na kweli.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka 1965, ligi hiyo ingali changa, Feisal ya Mombasa ikawa bingwa wa nchi nzima. Tangu siku hiyo mpaka leo hakuna timu nyingine ya Pwani iliyoutwaa ubingwa huo. Bandari imekaribia, imekuwa ya pili mwaka 2018 na ya pili tena mwaka 2019, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Lakini kukaribia si kufika. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Feisal sasa ana wajukuu, naye hajaona kombe la ligi likivuka daraja la Makupa.

Feisal, Liverpool ya Mombasa, Mwenge, hayo yalikuwa majina ya mji. Leo hayamo katika ligi kuu. Mahali pao pameshikwa na timu za mashirika na za matajiri. Na hapa tuseme kwa uangalifu, kwa kuwa hatutaki kumvunjia mtu heshima. Timu ya shirika imefanya mema mengi. Imempa mchezaji mshahara wa kila mwezi. Imempa kazi ya kushika atakapotundika viatu. Imempa daktari na basi la safari. Pasipo Halmashauri ya Bandari kuilisha Bandari, huenda Mombasa isingekuwa na jina katika ligi kuu kwa miaka mingi.

Lakini wafanya kazi twaijua kanuni moja bila kufundishwa: anachokitoa tajiri kwa hiari yake, hukiondoa kwa hiari yake. Hapa hapa petu ilikuwako Cargo, timu ya shirika lililopakia na kupakua shehena. Katikati ya miaka ya 1980 shirika hilo likaunganishwa na Halmashauri ya Bandari, na jina la Cargo likaondoka, likaja Bandari. Mara hiyo bahati ilikuwa nzuri, jina lilikwenda na timu ikabaki. Kwingine haikuwa hivyo. Utalii ilikuwa bingwa mwaka 1997, leo haipo. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa mwaka 2001 na tena 2002, kisha muda si mrefu ikavunjwa. SoNy Sugar ilikuwa bingwa mwaka 2006. Mwaka 2019 ikatolewa katika ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu, kwa kuwa kiwanda hakikuwa na fedha. Nakumatt, ambayo Bandari iliifunga katika fainali ya kombe mwaka 2015, ilikuwa timu ya maduka makubwa. Maduka yakafilisika, timu ikabadilishwa jina, nayo ikazama.

Katika hizo zote, mpenzi hakuulizwa. Hakuulizwa timu ilipoanzishwa wala ilipovunjwa. Alilisoma gazetini kama habari za mvua.

Msidhani kwamba timu ya wanachama haina matata. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, nayo ni ya wanachama, na katikati ya miaka ya 1970 ugomvi wa ndani uliipasua hata wachezaji wake wengi wakatoka na Pan African ikazaliwa. Watu wa Dar es Salaam wangali wanabishana nani alikosa. Simba nayo ina jeraha lake: mwaka 1993 ilifika fainali ya kombe la CAF, ikatoka sare 0–0 huko Abidjan, ikarudi nyumbani ikafungwa 2–0 na Stella mbele ya watu wake. Lakini tazameni tofauti. Mwezi wa Desemba 2017, ilipokuja habari ya kumwingiza tajiri ndani ya Simba, ililetwa mkutanoni. Wanachama waliketi, wakasikiliza, wakakubali. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia uamuzi ule. Lakini hawezi kusema aliusoma kama habari za mvua. Ukija kuwa mbaya, utakuwa mbaya wao, na mtu hurekebisha ubaya ulio wake.

NNE: MAKONTENA NA MECHI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni la mwaka huo huo wa 2019.

Baada ya kulitwaa kombe, Bandari iliiwakilisha Kenya katika kombe la shirikisho la Afrika. Iliitoa Al Ahly Shendi ya Sudan. Ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia. Ikasimamishwa na Horoya ya Guinea pale mlangoni pa makundi. Hizo zilikuwa mechi kubwa sana za timu hii. Nazo zilichezwa wapi? Zile za nyumbani zilichezwa Nairobi. Uwanja wa manispaa ya Mombasa ulikuwa umefungwa ujengwe upya na kazi ilikuwa imekawia, na uwanja wa Mbaraki haukufikia masharti ya wenye kombe. Basi Mwarabu wa Tunisia na Mguinea walikuja Kenya kucheza na timu ya Mombasa, na mtu wa Ganjoni aliyetaka kuiona alipaswa kusafiri karibu kilomita 480, au kukaa nyumbani atege redio. Muuza maji, muuza mihogo, mwenye tuktuk, mshona jezi, mwenye gesti, wote wa mji huu, hawakupata senti ya mechi hizo.

Kumbukeni lililokuwa likitukia bandarini mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Lilitoka tangazo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ichukuliwe na reli mpya, ikakaguliwe huko huko bara. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, vibarua wa yadi za makontena na mama wanaowauzia chakula wakajiona wanaondolewa kazini kwa kipande cha karatasi. Makontena yalipelekwa Nairobi, na mechi zilipelekwa Nairobi.

Sasa tofauti ni hii, nasi twaomba muitie moyoni. Juu ya makontena watu hawakubaki barazani. Waliingia barabarani kila Jumatatu, juma baada ya juma. Wengine wakaandika madai yao wakaenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ikasema agizo lile lilitolewa kinyume cha sheria. Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya akatangaza kwamba kazi ile inarudishwa Mombasa. Haikuwa rahisi, na katikati ya miaka hiyo wako waliouza lori zao na wako waliorudi mashambani. Lakini lilipatikana jambo la kushika mkononi.

Uwanja haukupata Jumatatu yake. Ulipata kahawa. Tuliyasikia majuto mengi, na majuto yalikuwa ya kweli, lakini hayakuandikwa katika barua, hayakupelekwa afisini, hayakuwekewa tarehe ya kujibiwa. Na mwezi wa Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipoletwa Kenya, Uganda na Tanzania, Dar es Salaam ilipata mechi, Zanzibar ikapata, Kampala ikapata. Za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo, Nairobi zote mbili. Mji uliotoa bingwa wa 1965 ulitazama kwa televisheni.

Kamba hukatikia pabovu, ndugu zangu. Hapa ndipo palipokuwa pabovu: si mguuni mwa mchezaji wala kichwani mwa kocha, bali ni hapo kati ya mpenzi na mwamuzi, ambapo hapana chama, hapana barua wala mkutano.

TANO: MAJUTO YA MBALI

Kuna jambo lingine la kuchekesha kidogo. Mtu wa Ganjoni anayajua majuto ya Manchester kuliko ya Mbaraki. Atakuambia kwamba Paul Pogba aliachwa aende bure mwaka 2012, na mwaka 2016 akanunuliwa tena na klabu ile ile kwa pauni milioni 89. Mwenzake wa Arsenal atakuambia jinsi Robin van Persie alivyouzwa kwa Manchester United mwaka 2012, na msimu huo huo akawapa ubingwa kwa mabao 26. Tarehe wanazo, bei wanazo. Muulize mtu huyo huyo nani mweka hazina wa timu ya mtaani kwake. Atakutazama kama uliyemwuliza habari za mwezini.

Hatumkatazi mtu kuipenda timu ya mbali. Mapenzi hayana pasi wala forodha. Lakini kama twapenda mpira wa Uingereza, basi tujifunze na hili. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu 12 tajiri za Ulaya zilitangaza ligi yao peke yao, wakubwa wacheze na wakubwa na wadogo wafungiwe mlango. Wapenzi hawakungoja wajute. Walitoka wakasimama mbele ya viwanja, wakazuia basi la wachezaji la klabu yao wenyewe. Siku mbili tu baadaye klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa.

Na liko la Wimbledon, ambalo ni letu zaidi kwa kuwa ni la watu wadogo. Mwaka 2002 klabu hiyo ya London ilipewa ruhusa ya kuhamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, mbali na watu wake. Ulikuwa uamuzi wa karatasi kama yale tuyajuayo. Wapenzi hawakuishia kulia. Walichanga, wakaunda klabu yao mpya mwaka huo huo, wakaita vijana wajaribiwe katika uwanja wa wazi wa umma, wakaanza chini sana katika ligi za mitaa. Mwaka 2011 wakarudi katika ligi ya taifa. Mwezi wa Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaani kwao. Miaka 18 ya ada ndogo ndogo. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na daftari la wanachama, mweka hazina, na mkutano.

Ujerumani wao wameliweka jambo hili katika kanuni: katika klabu karibu zote za ligi kuu, kura zilizo nyingi zaidi ni lazima zibaki kwa chama cha wanachama, tajiri alete fedha zake lakini asiwe sultani. Twaambiwa mara nyingi kwamba mpira wa leo hauwezi kwenda hivyo. Huko unakwenda, na viwanja vimejaa.

SITA: LA KUFANYA

Mtu asiseme tulikuja kulaumu tukaondoka. Tuna mambo matatu ya kupendekeza, nayo hayahitaji tajiri.

Jambo la kwanza, wapenzi wa mpira wa mji huu waunde chama chao, kiandikishwe kwa sheria, kiwe na ada. Ada iwe ndogo hata kibarua wa siku moja aweze kuitoa, lakini itolewe kila mwezi na risiti itolewe. Watu hutoa fedha nyingi zaidi kwa jezi ya timu isiyojua kama wao wako hai. Mkono mtupu haulambwi: chama kisicho na senti hakisikilizwi na klabu wala serikali ya kaunti. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila miezi mitatu, na aliyeshika fedha asimame aulizwe.

Jambo la pili, chama hicho kiombe kiti katika halmashauri ya timu. Hatudai kwamba mpenzi achague nani acheze namba tisa, hiyo ni kazi ya mwalimu. Twadai kwamba mambo manne yasikatwe bila wapenzi kuambiwa kwanza: kubadili jina, kuhama uwanja, kuuza au kuvunja timu, na mikataba ya wachezaji inayokaribia kwisha. Shirika linalolisha timu halina la kupoteza kwa kufanya hivyo. Litapata watu wa kuisimamia timu siku fedha zitakapopungua.

Jambo la tatu, na hili ndilo la haraka, juu ya uwanja iandikwe barua moja. Iandikwe kwa maneno machache, iwe na maswali yenye kujibika: kazi imefika wapi, fedha ngapi zimetoka, kazi imebaki kiasi gani, na mwisho ni tarehe gani. Itiwe sahihi na watu wengi iwezekanavyo, wa Ganjoni, wa Majengo, wa Tudor, wa Likoni na Changamwe. Jibu likija lisomwe mkutanoni. Lisipokuja, hilo nalo lisomwe mkutanoni, na watu waamue Jumatatu yao ni lini.

Na sasa neno la mwisho, ambalo ni la chama chetu wenyewe. Haya tuliyoyasema juu ya timu yamo kazini vile vile. Uko mkataba wa kazi unaokaribia kwisha sasa hivi mahali fulani, na wenye kuufanyia kazi hawajui tarehe yake. Iko kazi inayopangwa kugawiwa kwa wakandarasi, na wenye kuifanya watasikia siku ya kuonyeshwa mlango. Uamuzi mbaya hauji na ngoma na tarumbeta. Huja ndani ya bahasha, huwekwa mezani siku ya mkutano usio na watu, husomwa haraka haraka, huandikwa kwamba umepita. Mwaka mmoja baadaye huja barazani, na huko barazani sote tu wataalamu.

Mtu anayeweza kukumbuka bao la mwaka 1993 huko Dar es Salaam, na nani alikosa pasi, ana akili ya kutosha kusoma mkataba wa kurasa kumi. Mtu anayeweza kubishana saa tatu juu ya kocha anaweza kukaa saa moja katika mkutano wa tawi lake. Akili tunayo, na mapenzi tunayo. Yabaki kuyahamisha kutoka barazani hadi mkutanoni, na yafike kabla ya kura, yasije baada yake.

Orodha ya watakaotia sahihi barua ya uwanja iko mezani kwa katibu, na kalamu iko pale. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba, ni sahihi sawa na nyingine yoyote. Mwenye swali na aulize, na mwenye kupinga asimame apinge, ndiyo kazi ya mkutano.